Mchumaji Hatafutwi Msimu Ukishaingia

Ndugu Wanachama,

Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Hupita miaka ya mazao haba, kisha huja mwaka wa neema, matawi yakainama. Hapo ndipo mwenye shamba huwakumbuka wachumaji wake, naye hakuwapelekea hata salamu tangu walipoagana. Na karafuu haimngoji mtu: tumba likishachanua, thamani yake imepotea.

Mimi Katibu wenu yalinifika. Mnyapara wangu, mzee wa Unguja, nilimnyamazia miaka mitatu. Alikuwa akinidai ujira wa pishi chache, nami kila nikitaka kumwuliza hali huona haya. Mwaka wa neema ulipofika nikampigia simu, nikaanza na deni: "Mzee wangu, haki yako ninayo, nisamehe."

Akajibu, "Mwanangu, deni nilikwisha lisamehe. Kilichoniuma ni kimya."

Lakini watu wake wengi alikwisha waahidi shamba jingine. Aliniletea wanne tu. Karafuu zangu nyingi zilichanua mtini nikizitazama.

Basi, ndugu zangu, tusingoje. Fungueni madaftari leo, mtazame majina ya wachumaji, wachukuzi na wenye vyombo mliofanya nao kazi zamani. Lipeni kilichobaki. Kisha pelekeni salamu tupu, isiyo na haja nyuma yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu ndio mali ya kwanza ya shamba.

Wassalaam,
Katibu wenu