Vigae vya sakafu: Kila chumba na chake

SAKAFU hukanyagwa, humwagiwa maji na kuburutiwa viti kila uchao, lakini aghalabu ndiyo huwa ya mwisho kufikiriwa nyumba inapojengwa. Mwenye nyumba hufika dukani fedha zikiwa zimekaribia kumwishia, akavutiwa na kigae king'aacho chini ya taa, kisha akanunua aina moja ya kutandazwa kuanzia sebuleni hadi bafuni.

Kosa hilo hudhihirika nyumba ikishahamiwa. Mzee au mama mjamzito huteleza anapotoka kuoga, na kuanguka kwa mzee huweza kumvunja nyonga. Isitoshe, kung'oa vigae si sawa na kubadili rangi ya ukuta. Sharti vivunjwe kwa nyundo na patasi, saruji iliyo chini ikwanguliwe, na fundi alipwe mara ya pili. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Vigae vingi vinavyouzwa nchini, viwe vimetengenezwa humu au vimeagizwa kutoka ng'ambo, huwa vya seramiki ya kawaida au vya poseleni. Vyote hutokana na udongo uliochomwa tanuuni, ila udongo wa poseleni huwa laini zaidi, hushindiliwa kwa nguvu na kuchomwa kwa joto la takriban nyuzi 1,200 za Selsiasi.

Tofauti yake hujitokeza katika maji. Kigae cha poseleni hufyonza maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali kile cha ukutani huweza kufyonza zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana kigae cha ukutani, hata kikipendeza vipi, hakifai sakafuni. Hakikuundwa kubeba uzito, na hupasuka upesi.

Alama za kusoma

Kabla ya kulipa, mnunuzi anafaa kutafuta alama mbili kwenye katoni au kumwuliza muuzaji. Ya kwanza ni PEI, inayoonyesha jinsi uso wa kigae unavyostahimili kuchakaa, kuanzia daraja la 1 hadi la 5. Daraja la 3 linatosha vyumba vingi vya nyumbani. Jikoni na mlangoni, panapopitwa sana, daraja la 4 ni salama zaidi.

Ya pili ni herufi R inayofuatwa na nambari, kuanzia R9 hadi R13. Nambari inapopanda, utelezi hupungua. Bafu na varanda inayonyeshewa huhitaji angalau R10 au R11. Iwapo alama hiyo haipo, mnunuzi aombe kigae kimoja kimwagiwe maji, kisha akisugue kwa kiganja au wayo wa kiatu.

Vigae vidogo hufaa zaidi bafuni, kwa mfano vya sentimita 30 kwa 30 au chini yake. Mistari mingi kati yake huongeza mshiko wa mguu, na fundi huweza kuipa sakafu mteremko kuelekea tundu la maji bila kuvikata ovyo. Sebuleni, vigae vya sentimita 60 kwa 60 huifanya nafasi ionekane pana kwa kuwa mistari ni michache.

Rangi nayo itegemee mazingira. Katika maeneo ya udongo mwekundu kama Murang'a na Nyeri, kigae cheupe mlangoni ni adhabu kwa anayepiga deki. Rangi ya kahawia au ya kijivu yenye madoadoa huficha tope. Pwani, ubaridi wa kigae ni neema wakati wa joto, lakini mchanga unaoingia na viatu hukwaruza uso unaong'aa. Limuru na Nyahururu, kigae hicho hicho huwa barafu alfajiri, na wengi huona heri chumba cha kulala kiwekwe sakafu ya mbao au zulia.

Vilevile, kigae kilinganishwe na vitu visivyobadilishwa kwa urahisi: milango, madirisha na kabati za jikoni. Milango ya mbao nyekundu ya mkangazi hupatana na rangi ya maziwa au ya mchanga. Ni vyema kuchukua kigae kimoja cha mfano na kukitazama ndani ya chumba chenyewe asubuhi na jioni, kwa kuwa taa za duka hudanganya.

Hesabu na kazi ya fundi

Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mita 14 za mraba. Asilimia 10 ikiongezwa kwa ajili ya vipande vya kukata na vinavyovunjika, jumla huwa mita 15.4. Katoni yenye vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 hufunika mita 1.44, hivyo zitahitajika katoni 11. Zote ziwe na nambari moja ya rangi, kwani vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti huweza kutofautiana.

Hata kigae bora hakiwezi kuokoa sakafu mbovu. Zege jipya liachwe likauke vyema, kwa kawaida siku 28. Panapokuwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, kama Kitengela, msingi usioimarishwa hucheza udongo unapovimba kwa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na vigae hupasuka pamoja na zege. Poseleni, kwa kuwa haifyonzi maji, haishikani vyema na saruji tupu, hivyo huhitaji gundi maalumu ya vigae.

Kazi ikimalizika na kukauka, kila kigae kigongwe polepole kwa ufunguo au sarafu. Mlio mtupu ni dalili kwamba chini kuna uwazi, na kigae hicho kirekebishwe kabla fundi hajamaliziwa malipo yake. Vigae vinavyosalia visitupwe. Kimoja kikivunjika miaka kadhaa baadaye, huenda cha kufanana nacho kisipatikane tena dukani.