Idara Isiyopokea Akiba ya Mtu

Swali linalorudiwa mno miongoni mwa wafuatiliaji wa habari za fedha ni hili: mtu wa kawaida aweke kiasi gani katika benki ya uwekezaji ya kimataifa, naye atalipwa faida ya asilimia ngapi kwa mwezi? Swali hilo halina jibu, si kwa kuwa jibu ni siri ya wakubwa, bali kwa kuwa idara ya benki ya uwekezaji, yaani ile sehemu ya JPMorgan, Citi au Barclays inayoshughulikia mitaji ya kampuni kubwa na serikali, haipokei amana ya raia, haina dirisha la kuwekea fedha, na mteja anayeilipa si mwenye fedha bali ni yule anayezitafuta.

Jina lenyewe limechangia upotofu huo, kwa kuwa anayesikia "benki" hufikiria mahali pa kuhifadhi, na anayesikia "uwekezaji" hufikiria fedha inayozaa. Afrika Mashariki pana sababu ya ziada. Benki ya Rasilimali Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilibeba neno la uwekezaji katika jina lake la Kiingereza ilhali kazi yake ilikuwa kukopesha miradi ya maendeleo. Na nchini Kenya leseni ya benki ya uwekezaji hutolewa kwa kampuni ambazo, mbali na kutoa ushauri, huwanunulia na kuwauzia wananchi hisa. Kazi hizo ni halali, lakini sizo zinazozungumzwa hapa.

Kazi inayozungumzwa inaonekana vizuri katika mkopo ambao serikali ya Kenya iliuchukua kwenye soko la kimataifa mwezi Juni 2014. JPMorgan, Barclays, QNB Capital na Standard Bank zilipewa jukumu la kuupanga, maana yake kuandaa waraka wa matarajio, ambao ni kitabu kinachoeleza hali ya mkopaji na hatari zinazomkabili, kuwatafuta wasimamizi wa mifuko mikubwa walio tayari kukopesha, kukusanya maombi yao, na kupima ni riba ipi itakayowaridhisha bila kumuumiza mkopaji. Ziliuzwa hatifungani, yaani hati za deni zinazolipa riba kwa vipindi, za dola bilioni 2: bilioni 1.5 za miaka 10 kwa riba ya asilimia 6.875, na milioni 500 za miaka 5 kwa asilimia 5.875. Waliokopesha ni wenye mifuko hiyo, na benki zililipwa ada kwa kuzikutanisha pande mbili.

Hesabu hiyo ndiyo inayotosha kuwaumbua wanaozunguka katika makundi ya WhatsApp na Telegram wakidai kuwa wana njia ya kuiingiza fedha ya mwananchi katika "dawati la ndani" la benki kubwa ili izae asilimia 1 kila siku. Wasimamizi wa mifuko yenye mabilioni, wenye wanasheria na wachambuzi wao, walikubali asilimia 6.875 kwa mwaka. Anayeahidiwa asilimia 1 kwa siku anaahidiwa katika juma moja zaidi ya kile ambacho wao walikisubiri mwaka mzima. Shilingi 100,000 zikikua kwa kiwango hicho, na faida ikiongezwa kwenye mtaji kila siku, baada ya siku 365 zingefika takriban shilingi 3,778,000, na baada ya mwaka wa pili zingepita milioni 142. Hakuna kiwanda, mgodi wala serikali inayoweza kuzalisha kiasi hicho, na fedha ambayo haikuzalishwa popote haiwezi kulipwa isipokuwa itolewe mfukoni mwa aliyejiunga baadaye. Nembo ya benki iliyobandikwa juu ya tangazo la namna hiyo imeibwa, na inashangaza kwamba watu waliosoma, wanaojua kukokotoa asilimia, bado hawaikokotoi kabla ya kutuma pesa kwa simu.

Lipo pia kosa dogo zaidi, la kudhani kwamba jina kubwa ni dhamana ya ubora wa kinachouzwa. Morgan Stanley, pamoja na Dyer & Blair ya Nairobi, ndizo zilizopanga uuzaji wa hisa bilioni 10 za Safaricom mwaka 2008, ambapo serikali ya Kenya iliwauzia wananchi hisa kwa shilingi 5 kila moja; kabla ya mwaka huo kwisha bei sokoni ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 5. Hapakuwa na udanganyifu katika hilo, kwani mpangaji alikuwa akimtumikia muuzaji. Hata muuzaji au mkopaji naye hana budi kuwa macho: katika mkopo wa dola milioni 600 ambao Standard Bank iliupangia Tanzania mwaka 2013, ada ilipandishwa kutoka asilimia 1.4 hadi 2.4, na ile asilimia 1 ya nyongeza, sawa na dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni moja ya Tanzania. Mwezi Novemba 2015 mahakama ya Uingereza iliidhinisha makubaliano katika shauri la benki hiyo kushindwa kuzuia rushwa, na Tanzania ikafidiwa milioni 6 hizo pamoja na riba.

Mwenye akiba ana njia zilizo wazi. Hatifungani za serikali hununuliwa katika minada ya Benki Kuu, kuanzia shilingi 1,000,000 Tanzania na 50,000 Kenya. Hisa hununuliwa kupitia dalali wa soko la hisa mwenye leseni. Mifuko ya pamoja, kama ile ya UTT AMIS ya Tanzania, hupokea viwango vidogo zaidi. Anayeshawishiwa na yeyote mwingine aitishe leseni yake kwanza, kisha alilinganishe jina lililo kwenye leseni hiyo na orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya nchi yake, ambayo iko wazi kwa kila mtu na kuisoma hakulipiwi.