MASHINE KUTUNGA KANUNI: TUELEWE NINI?

Wakulima wanaomwagilia kwa maji ya mto Nduruma, kuanzia miteremko ya Mlima Meru hadi tambarare, hugawana maji kwa zamu. Wa chini hauoni mfereji wa juu. Anaijua zamu yake na habari anazoletewa. Habari ikiwa ya uongo, shamba hukauka. Kompyuta nyingi zinazofanya kazi pamoja bila msimamizi mmoja zina tatizo la namna hiyo hiyo. Utaratibu wa kuziongoza, yaani algorithimu, kwa kawaida hutungwa na binadamu kwa jasho, na hukosewa mara nyingi.

Je, mashine yaweza kuutunga? Ndiyo, lakini kwa mipaka ambayo kada na mwanafunzi hawana budi kuifahamu.

Tuchukue kompyuta 4 zinazosikia mpigo mmoja wa saa. Lazima zikubaliane upi ni mpigo wa witiri na upi wa shufwa, hata zikianza katika vurugu. Moja ni mbovu, nayo humpa kila mwenzake uongo tofauti. (Ubovu si lazima uwe hila: kipimo cha maji kilichozibwa na tope nacho hudanganya.) Kila kompyuta ikiwa na hali 3, michanganyiko ya hali zote ni 81, hata zote zikifuata kanuni moja, kanuni za kuchagua ni 3 kwa kipeo cha 81, namba yenye tarakimu 39. Hakuna awezaye kuzipitia moja moja, hata kompyuta.

Mwaka 2013 watafiti, wakiwemo Danny Dolev, Christoph Lenzen na Jukka Suomela, waliyageuza masharti hayo kuwa sentensi moja ndefu ya mantiki, ya ndiyo na hapana, wakaipa programu itafute kama yaweza kuwa kweli. Programu ya aina hiyo ikikuta mgongano hulitupa kwa mkupuo kundi zima la kanuni zenye mgongano huo. Hali 3 zilitosha. Hali 2 hazitoshi kwa kompyuta 4. Zinatosha zikiwa 6.

Kwa maoni yetu hilo la "hazitoshi" ndilo zito zaidi, maana ni uthibitisho, si kukata tamaa. Hata hivyo sentensi hurefuka upesi mno kompyuta zikiongezeka. Kuvuka kutoka 4 hadi idadi yoyote kubwa zaidi kulihitaji hoja ya binadamu.

Na masharti pia yaliandikwa na binadamu. Anayesahau kuandika kwamba mmoja aweza kudanganya atapewa kanuni iliyothibitishwa kikamilifu, itakayoanguka siku tope litakapoziba kipimo cha kwanza.