Andromeda Imeshuka Minjila

Wasee wa Tana wanaijua Minjila saa ya jua kali. Basi za Lamu zinateremsha watu, zingine zinakata kuelekea Hola na Garissa, wauza maembe wanakimbilia madirisha na beseni kichwani, na kila kibanda cha kuchaji simu kimefungulia spika yake. Kwa kawaida utaskia Bongo, Arbantone na reggae ya kumwaga. Lakini kuna mbogi ya maboy wa nduthi hapo stage wamenaswa na ngoma za 1969. Unatafuta wa kukufikisha Garsen, unaskia gita limechafuliwa sauti mpaka linanguruma kama lori la mchanga likipanda daraja. Buda, hao ni Andromeda.

Andromeda walikuwa wasee watatu wa London. John Du Cann anapiga gita na kuimba, Mick Hawksworth ako kwa besi, Ian McLane kwa dramu. Albamu yao, inaitwa Andromeda tu, ilitolewa na RCA 1969 na ikalengwa. Mwaka uliofuata Du Cann akahamia Atomic Rooster, stori ikaishia hapo. Du Cann aliaga 2011. Santuri za kwanza za hiyo albamu sahii wakusanyaji wanazitolea chapaa mrefu, doo ambayo hao watatu hawakuiona wakiwa vijana.

Shida haikuwa ngoma. London ya wakati huo ilijaa mabendi ya watu watatu. Cream ya Eric Clapton, Jack Bruce na Ginger Baker ilianza 1966 ikavunjika 1968, na Jimi Hendrix na Experience yake walikuwa washateka kila gazeti. Ukija nyuma ya hao, hata ukichapa namna gani, watu washachoka kushangaa. Mimi nasema Andromeda walistahili nafasi. Skiza "Return to Sanity" ukiwa umetulia, usiku, stima zimepotea Garsen nzima. Hakuna kinanda cha kujaza nafasi, hakuna gita la pili. Gita likinyamaza kidogo, besi inaingia hapo hapo inajibu, dramu inasukuma wote wawili. Ndio maana inabamba hata kwa spika ndogo ya simu: vyombo ni vitatu, unaviskia vyote.

Kitu kingine, London yenyewe ilikuwa inaangalia huku kwetu Afrika. Ginger Baker alivuka Sahara kwa gari 1971 akitafuta Lagos, akaenda kupiga dramu na Fela Kuti. Na kuna Wakenya walioenda upande ule mwingine. Matata, bendi ya akina Steele Beauttah na Anwar Richard, walitoka Nairobi wakatua London mapema miaka ya 70, wakasainiwa na President Records. Albamu yao Independence ilitoka 1974, halafu ikaja Feelin' Funky. Gita la kukwaruza, tarumbeta zimepangwa vizuri, ngoma za mkono ziko chini kabisa zinabeba mzigo. Ulizia Matata kwa matatu yoyote ya Coast uone kama kuna mtu atakujibu. Huko Ulaya wanazichimba ngoma zao, hapa zinapita tu.

Sasa hapa ndio nataka tuelewane na hiyo mbogi ya Minjila, maana nawapenda na wanaskiza kwa roho safi. Mngurumo mnaofuata London, London ilikuja kuuchukua hapa hapa mtoni. Wapokomo, watu wa huu Mto Tana, walikuwa na ngadji, ngoma kubwa ya mbao na ngozi. Ngadji haipigwi kwa mkono. Inasuguliwa mpaka ngozi inanguruma, na sauti yake inafika mbali kwenye mashamba na msitu. Ilikuwa mali ya wazee, si kila mtu aliruhusiwa hata kuiona. Maafisa wa kikoloni wa Uingereza waliinyang'anya 1902, na tangu 1908 iko British Museum, imewekwa stoo. Watu wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo wameenda London wakaonyeshwa, na wanadai irudi. Manze, fikiria. Ngoma ambayo kazi yake ilikuwa kuskika iko kwenye rafu, miaka zaidi ya 100, kimya. Hilo linaniuma kuliko albamu yoyote iliyolengwa.

Na kuna ingine ambayo haikunyang'anywa, ila jina la aliyeileta lilidondoka njiani. 1963, Kenya ikijipanga kwa uhuru, tume ya watu watano ilipewa wera ya kutengeneza wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti waliyoichagua ilikuwa bembelezo la Kipokomo, ile mama anamwimbia mtoto anayelia hataki kulala. Mzee Meza Galana wa huku Tana River ndiye aliyewafikishia. Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963 bendera ikapanda, na hiyo sauti ikawa ya nchi nzima.

Hiyo ndiyo ngoma kubwa kuliko zote zilizotoka Kenya miaka ya 60. Watoi wanaiimba kwa gwaride la shule kutoka Lodwar mpaka Kwale. Wakimbiaji wanalia nayo wakivalishwa dhahabu Olimpiki. Lakini ingia shule yoyote hapa Tana Delta uulize nani aliileta, na ujiandae kwa kimya. Andromeda angalau majina yao yamechapwa nyuma ya santuri. Galana, mimi sijaona hata kibao cha barabara chenye jina lake.

Kwa hivyo ngoma za mtoni mimi nazisambaza kwa ile njia maboy wenyewe wanatumia kusambaza Andromeda. Simu kwa simu, kadi kwa kadi. Mashosho wa vijiji vya mtoni bado wanajua hayo mabembelezo, na mwaribe, ngoma ya Kipokomo ya kucheza, bado inachezwa kwenye harusi. Mafuriko ya 2023 na ya 2024 yalihamisha watu wengi, na familia ikilala kambini, wimbo wa kulaza mtoto unaimbwa kwa sauti ya chini au hauimbwi kabisa. Ukiwa na shosho, washa simu, muombe ruhusa kwanza, urekodi, halafu uandike jina lake na kijiji. Jina lisikosekane.

Ngoma ninayoingoja ni ya watu watatu wa Garsen: gita lenye sauti chafu, besi, na dramu inayotembea kwa mwendo wa mwaribe. Maboy wawili hapo stage washaanza kufukuzana na gita la kuazima, na besi wanaipiga kwa nyuzi nne nene za gita lingine mpaka wapate ya ukweli. Na kwa nduthi zao, pale kwa madigadi ya nyuma ambapo kila mtu anachoresha jina la msanii wake, nimewaomba nafasi. Mchoraji ameshapewa rangi nyeupe na herufi za kuandika: MZEE GALANA, 1963.