Kabla Hujafunika Uwanja Wote: Zege, Pevingi, Kokoto au Nyasi?

Masika huingia Dar es Salaam mwezi Machi, na Aprili ndiyo huwa na mvua nzito kuliko miezi yote. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka mafundi hupata kazi nyingi za aina moja. Mwenye nyumba kachoka na tope, anataka uwanja mzima uwekwe pevingi au umwagwe zege, na anataka kazi iishe kabla mvua haijaanza. Kama na wewe umo katika mpango huo, soma haya kabla hujatoa malipo ya awali.

Kwa mwenye fedha ya kuhesabu, ushauri wangu ni huu: usifunike uwanja wote. Sakafu ngumu iwe pale tu gari na miguu vinapopita. Kwingine acha udongo na mimea, kisha fedha iliyobaki nunua gata na tangi la maji.

Tuchukue uwanja wa mita 5 kwa 8, yaani mita za mraba 40, wenye lango la gari dogo. Bei za vifaa hupanda na kushuka, lakini kiasi cha vifaa kinachohitajika hakibadiliki. Mtu akijua kiasi, hakuna fundi atakayemwongezea mifuko.

Zege la unene wa sentimita 10 kwa uwanja huo ni mita za ujazo 4. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa moja kwa mbili kwa nne, hiyo ni mifuko kama 26 ya saruji ya kilo 50. Mfuko ukiwa shilingi 16,000, saruji peke yake ni shilingi 416,000, bado mchanga, kokoto, maji na ufundi. Sifa ya zege ni kwamba kila fundi analijua, vifaa vyake vinapatikana kila mtaa, na likimwagiliwa vizuri siku saba za mwanzo litadumu miaka mingi.

Kasoro yake huonekana baadaye. Bomba likipasuka chini, au chemba ya choo ikiziba, zege lazima livunjwe, na kiraka hakitafanana na sakafu ya zamani. Nimeona nyumba ambayo fundi alifunika hata mfuniko wa shimo la choo. Siku gari la kunyonya majitaka lilipoitwa, ilibidi kwanza atafutwe mtu wa nyundo na tindo. Halafu kuna joto: zege lililopigwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto usiku, chini ya madirisha ya vyumba vya kulala.

Pevingi hutatua tatizo la mabomba. Tofali zinang'olewa, kazi inafanyika, zinarudishwa zile zile. Tofali za sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita moja ya mraba, hivyo uwanja wetu unataka tofali 2,000, na 100 za akiba kwa zitakazovunjika na kukatwa. Unene wa sentimita 6 unatosha kwa miguu na gari dogo. Kama boza la maji au gari la majitaka litaingia ndani, chukua za sentimita 8.

Bei atakayokutajia muuzaji ni ya tofali tu, na hapa ndipo wengi hukwama kazi ikiwa nusu. Tofali za sentimita 6 zina uzito wa kilo 130 na kitu kwa mita ya mraba. Kwa mita 40 ni zaidi ya tani 5, na kenta ya kubeba tani 3 itakwenda tripu mbili. Kuna kushusha. Kama gari haliingii mtaani kwako, kuna guta au mkokoteni kutoka barabarani hadi mlangoni. Kuna mashine ya kushindilia, inayokodiwa kwa siku pamoja na mafuta yake. Kuna mawe ya kingo, ambayo bila hayo tofali za pembeni hutembea na safu zote zikalegea.

Na kuna kifusi. Tofali sentimita 6, mchanga sentimita 4, moramu iliyoshindiliwa sentimita 10: jumla uchimbe sentimita 20 kushuka chini. Kwa uwanja wetu hiyo ni mita za ujazo 8 za udongo, na udongo ukishachimbwa hufumuka ukaongezeka. Nani ataubeba, na kwa bei gani? Swali hilo liulizwe siku ya kwanza. Fundi anayekupa bei ndogo kuliko wenzake mara nyingi ameruka moramu: anatandika mchanga juu ya udongo mtupu, anapanga tofali, anaondoka. Masika ya kwanza tu utaona njia mbili za magurudumu zimedidimia.

Ukienda kiwandani, usichague kwa rangi. Chukua tofali mbili uzigonganishe: nzuri hulia kwa sauti kali, mbovu hutoa sauti ya kufa. Kwaruza uso kwa msumari. Ukitoka unga, ondoka. Uliza zimetolewa lini kwenye fomu na zimemwagiliwa siku ngapi, kwa sababu saruji hukamilisha nguvu yake ya kawaida baada ya siku 28, na wakati wa msimu tofali za wiki moja huuzwa kama zimekomaa. Vunja moja mbele ya muuzaji. Anayeiamini mali yake hatakataa.

Jambo jingine ni maji. Pevingi iliyopangwa juu ya mchanga, nafasi zake zikijazwa mchanga, hupitisha maji kiasi kwenda ardhini. Fundi akijaza nafasi hizo kwa saruji ili majani yasiote, umelipia gharama ya pevingi ukapata sakafu isiyopitisha maji, kama ya zege.

Zipo pia tofali zenye matundu, ambazo nyasi huota katikati. Zinapitisha maji vizuri sana na hazina joto. Ila haziuzwi kila mahali, mara nyingi huagizwa, zikitengenezwa vibaya kuta zake nyembamba humeguka, na si rafiki kwa mzee wa mkongojo wala kwa kiti cha magurudumu. Kwa egesho tu zinafaa. Kwa njia ya kupita watu, hapana.

Kokoto ndiyo sakafu ya haraka kuliko zote. Tabaka la sentimita 5 kwa uwanja wote ni mita za ujazo 2, unatandaza kwa reki na kazi imekwisha. Lakini kwenye udongo wa mchanga kokoto huzama, watoto huzitupa, matairi huzitoa nje ya lango, na utaongeza nyingine kila baada ya muda. Mahali pake hasa ni chini ya michirizi ya bati na chini ya bomba la nje. Chimba mfereji wa upana wa sentimita 30, jaza kokoto kubwa, na tope halitaruka ukutani.

Nyasi bandia kwa uwanja wa jua la pwani, usinunue. Ni plastiki: huwaka joto mchana, jua huila, na baada ya hapo ni taka ambayo hata jirani haihitaji.

Nyasi hai, hasa zile pana zinazoitwa nyasi za Pemba, huvumilia kivuli na huoteshwa kwa vipando. Usinunue za kujaza uwanja. Nunua kiroba kimoja au viwili, panda kwa nafasi ya sentimita 20, na ziache zijitambaze. Zikipandwa masika yanapoanza, mvua itafanya kazi ambayo ungeilipia kwa maji ya bomba. Penye jua kali na miguu mingi, ukoka ni imara zaidi. Gharama yake iliyojificha ni fyekeo na maji ya kiangazi, kwa hiyo usipande eneo kubwa kuliko unaloweza kulimudu.

Mti mmoja wa kivuli upande wa magharibi, jua la jioni linakopiga, una faida kuliko turubai utakalobadilisha kila mara. Mkungu hutoa kivuli kizuri lakini mizizi yake huinua sakafu, na majani makubwa huziba gata. Uwe mbali na nyumba. Kwa kiwanja kidogo mlimao au mchungwa unatosha. Chagua mche mdogo wenye afya, usiotoa mizizi nje ya kiroba chake. Mche mrefu ni ghali mara kadhaa, na mara nyingi mizizi yake imekwisha kujizungusha. Wenye viwanja vya mawe ya matumbawe wasikate tamaa: huko Bamburi, Mombasa, machimbo ya kiwanda cha saruji yaliyobaki mwamba mtupu yalianza kupandwa miti mwaka 1971 chini ya René Haller, na mvinje ndio uliofungua njia kwa mimea mingine. Leo pale ni msitu wa kutembelewa, Haller Park.

Sasa rudi kwenye hesabu ya uwanja wetu. Gari halihitaji mita 40. Linahitaji njia mbili za magurudumu, kila moja upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 6. Hiyo ni mita za mraba 7.2. Kwa pevingi, njia hizo zingetaka kingo pande zote, zaidi ya mita 26, kwa hiyo akiba yake si kubwa kama inavyoonekana. Zimwage zege: mifuko 5 ya saruji badala ya 26. Pima kwanza umbali wa magurudumu ya gari lako mwenyewe. Njia ya kutoka langoni hadi mlangoni, mita 4 kwa upana wa mita 1, weka pevingi, tofali 200 na chache za akiba. Kwingine kote ni nyasi, kokoto penye michirizi, na mti.

Akiba iende kwenye gata na tangi. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 60 ni lita 1,200. Hata nyingine zikipotea, tangi la lita 1,000 litakaribia kujaa kwa mvua hiyo moja. Weka fedha ya kichanja imara, maana tangi hilo likijaa lina uzito wa tani moja, na ya wavu wa kuzuia mbu. Bomba la kumwaga ziada lielekezwe kwenye nyasi.

Maji unayoyakatalia kuingia ardhini lazima yaende mahali. Kutoka Kinyerezi na Ubungo hushuka kwa majirani, yakaingia Mto Msimbazi, yakafika Jangwani. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Uwanja mmoja hauleti mafuriko, lakini mteremko wako ukielekea kwa jirani, mtaonana ofisi ya serikali ya mtaa.

Kabla ya kulipa hata shilingi, mwambie fundi aandike mambo manne: unene wa moramu, nani anabeba kifusi, nani analipia mashine na usafiri, na maji yatateremkia wapi. Chimba shimo la sentimita 30, ujaze maji. Yakikauka ndani ya saa chache, udongo wako unakunywa na nyasi zinatosha. Yakilala hadi kesho yake, ongeza mfereji wa kokoto. Na fedha ikitosha kitu kimoja tu mwezi huu, anza na gata.