Je, Wajua? Taya la Mtoto, Mbu na Seli B

Je, wajua kwamba Kisiwa cha Rukuba, pale majini upande wa Musoma, kimo ndani ya ukanda ambao watafiti wa saratani wamekuwa wakiuchora kwenye ramani kwa zaidi ya miaka 60? Maji ya Ziwa Victoria yako takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ipo saratani ya watoto inayoshamiri katika nchi za joto zilizo chini ya mita 1,500 hivi, zenye mvua ya kutosha na malaria ya mwaka mzima. Inaitwa limfoma ya Burkitt, na mwambao wote wa mkoa wa Mara umo katika ukanda huo.

Je, wajua jina hilo limetoka wapi? Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tangu utotoni, aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya juu na chini, kushoto na kulia. Muda si mrefu baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alimwona mtoto wa kike mwenye uvimbe wa namna ileile. Watoto wawili walimtosha kuanza kupekua kumbukumbu, na mwaka 1958 akachapisha alichokiona.

Lakini kazi iliyonishangaza zaidi ni ile ya Oktoba 1961. Burkitt na madaktari wamisionari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri wiki kumi, kilomita zipatazo 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha mkononi: mmewahi kupokea mtoto wa hivi? Hawakuwa na maabara wala kompyuta. Walirudi wakijua ugonjwa unafuata joto, mvua na mwinuko wa nchi, na ramani yao ikalingana na ramani ya malaria.

Je, wajua saratani hii huanzia kwenye askari wa mwili mwenyewe? Ni seli B, aina ya chembe nyeupe za damu inayotengeneza kingamwili. Ili kingamwili iweze kumnasa adui mpya, seli B hufanya jambo ambalo seli nyingi hazithubutu: hukata jeni zake yenyewe, huzibadili herufi, kisha huziunga upya. Mara chache mkato huo hukosewa. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC, inayoamrisha seli igawanyike, huunganishwa na kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili ambazo kwenye seli B haziachi kufanya kazi. Kuanzia hapo MYC inakuwa kama bomba lililovunjika koki. Wanasayansi waliliona badiliko hilo la kromosomu katika miaka ya 1970, na mwaka 1982 wakathibitisha kwamba jeni iliyohama ni MYC.

Je, wajua ukungu wa London ulisaidia kugundua virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu? Mtafiti Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London mwaka 1961, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Alitafuta virusi zaidi ya miaka miwili asivione. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua kwa ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika maabara, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yameoza. Epstein hakukitupa. Alitazama, akakuta uchafu ule ni seli hai zinazoelea. Yeye na mwenzake Yvonne Barr wakazikuza, na Februari 1964 virusi vikaonekana kwenye hadubini ya elektroni. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa mmoja wa watatu waliochapisha habari hizo Machi 1964. Virusi hivyo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr. Epstein aliaga dunia Februari 2024 akiwa na miaka 102.

Je, wajua wewe msomaji karibu hakika unavyo virusi hivyo? Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavibeba, kimya, ndani ya seli B. Huenezwa kwa mate. Kwetu watoto wengi huvipata kabla ya kufikisha miaka mitatu, na wengi mno hawaugui chochote cha maana.

Basi kwa nini wachache waugue Burkitt? Hapo ndipo mbu wa malaria anapoingia. Malaria inayojirudia huzisukuma seli B zigawanyike na kukata jeni zake bila kupumzika, kwa hiyo nafasi za mkato kukosewa zinaongezeka. Upande wa pili huwachosha walinzi. Mtafiti Ann Moormann na wenzake, wakifanya kazi Kisumu pamoja na madaktari na watafiti wa Kenya, waliangalia seli T za watoto, zile zinazotakiwa kuzitambua na kuziua seli zilizobeba virusi. Matokeo waliyochapisha mwaka 2009 yalionyesha kwamba watoto wenye limfoma ya Burkitt walikosa mwitikio wa seli T dhidi ya EBNA1, protini ya virusi ambayo seli za saratani hii huendelea kuitengeneza. Kinga yao haikuwa imekufa. Ilipofuka mahali pamoja tu, na ndipo adui alipokaa.

Je, wajua mkoa wa Mara wenyewe uliwahi kuwa uwanja wa jaribio kubwa la uhusiano huu wa malaria na Burkitt? Hospitali ya Shirati, iliyo Rorya ya leo, ilikuwa ikiwahesabu wagonjwa wa Burkitt tangu 1964, na Dk. Glen Brubaker ni mmoja wa waliotunza hesabu hizo. Kuanzia 1977 hadi 1982, kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililoko Lyon, Ufaransa, watoto wa chini ya miaka 10 wa Mara Kaskazini walipewa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi. Swali lilikuwa: tukipunguza malaria, saratani itapungua? Mara Kusini, upande wa Musoma, ilikuwa eneo la kulinganishia.

Malaria ilishuka mwanzoni, kisha ikapanda taratibu ijapokuwa vidonge viliendelea kugawiwa. Wagonjwa wa Burkitt walipungua hadi kiwango cha chini kuliko miaka yote iliyorekodiwa huko, na ugawaji uliposimama wakaongezeka tena. Watafiti hawakushangilia. Waliandika wazi, mwaka 1989, kwamba upungufu ulikuwa umeanza hata kabla ya vidonge, kwa hiyo jaribio haliwezi kuhesabiwa kuwa ushahidi kamili. Ninawaheshimu kwa hilo. Na akina mama waliowapeleka watoto wao kumeza vidonge vichungu kwa miaka mitano ninawaheshimu zaidi, maana bila wao kusingekuwa na cha kuandika.

Ushahidi mwingine ulikuwa umelala Musoma kabla ya hapo. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu ya watu wa Wilaya ya Musoma na kuchapisha hesabu mwaka 1956. Kati ya watoto wachanga 287, waliokuwa na ugonjwa wa selimundu ni 9, na waliobeba jeni moja tu bila kuugua ni 89, yaani asilimia 31. Kati ya watu wazima 654, wenye ugonjwa walikuwa 5, na wabebaji 249, asilimia 38. Zisome tena tarakimu hizo polepole. Wenye ugonjwa wamekufa njiani kabla ya utu uzima. Wabebaji wameongezeka kwa uwiano kwa sababu malaria imewaua wenzao wasio na jeni hiyo. Tarakimu za Musoma zimefundishwa vyuo vikuu duniani kote kama mfano wa jinsi maradhi yanavyochagua nani aishi.

Tena zinaigusa saratani. Katika utafiti wa EMBLEM, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, hospitali za Shirati na Bugando zikiwemo, chini ya uongozi wa Mganda Sam Mbulaiteye, ilionekana kwamba watoto wanaobeba jeni moja ya selimundu hupata Burkitt kwa nadra zaidi. Kinachomkinga mtoto na malaria kali kinamkinga pia na saratani hiyo. Huo ni ushahidi ambao hakuna kidonge kilichoweza kuutoa.

Allison huyohuyo, miaka mingi baadaye, alishirikiana na mkewe Elsie Eugui kutengeneza maikofenoleti, dawa inayozuia limfosaiti, yaani seli B na seli T, zisigawanyike. Leo waliopandikizwa figo wanaimeza ili mwili usikikatae kiungo kipya.

Je, wajua kuna seli zinazoitwa Daudi katika maabara za dunia nzima? Zilitolewa mwaka 1967 kwenye uvimbe wa kijana Mkenya wa miaka 16 mwenye Burkitt. Hazina baadhi ya vitambulisho ambavyo seli T hutumia kumjua mgeni, kwa hiyo watafiti huzitumia kupima walinzi wengine wa mwili, na kujaribia dawa zinazozilenga seli B.

Je, wajua saratani iliyomchukua Mwalimu Nyerere, aliyezikwa Butiama baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999, ilikuwa ya damu, ya chembe nyeupe pia? Haikuwa Burkitt, ambayo kwetu huwapata hasa watoto.

Je, wajua Burkitt hutibika? Katika miaka ya 1960 madaktari wa Kampala waliona uvimbe wa taya ukiyeyuka kwa siku chache baada ya dawa iitwayo saiklofosfamidi, na mwaka 1972 Burkitt na John Ziegler wakapewa Tuzo ya Lasker. Siku hizi dawa huchanganywa, nyingine huingizwa kwenye uti wa mgongo kwa sababu seli hizi hukimbilia ubongoni.

Shida ni muda. Seli za Burkitt zinaweza kujiongeza maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto wa Rukuba huvuka ziwa kwanza, na kutoka Musoma hadi Bugando, Mwanza, ni zaidi ya kilomita 200. Meno yanayolegea kwa mtoto ambaye hajafika umri wa kung'oka, taya linalovimba bila kuuma sana, jicho linalotokeza, tumbo linalojaa upesi: ukiona mojawapo, usisubiri wiki ijayo wala usimng'oe jino. Mpeleke hospitali.