Lugha Mpya Katika Mfumo wa Zamani: Mfano wa Python na Windows 7

Watumiaji wengi wa tarakilishi, au kompyuta kama inavyoitwa mara nyingi, hudhani kwamba lugha ya programu ni kitu kinachojitegemea, na kwamba aliye nayo aweza kuitumia popote. Dhana hiyo hukanushwa pindi mtu anapojaribu kutia lugha iliyotolewa karibuni katika mashine ya miaka kumi na mitano iliyopita. Mashine huikataa, na ujumbe inaoutoa huwa fumbo tupu. Makala haya yanakusudia kueleza sababu ya kukataliwa huko, na njia zilizopo za kulitatua jambo hilo. Mfano utakaotumiwa ni lugha ya Python katika mfumo wa uendeshaji uitwao Windows 7, kwa kuwa lugha hiyo hutumiwa sana na wanaochunguza matini kwa msaada wa tarakilishi.

Haja ya toleo jipya

Huenda mtu akauliza: mwenye mashine kuukuu akiridhika na lugha kuukuu, atapata hasara gani? Kwa mwanaisimu hasara yaweza kuwa kubwa. Tuchukue neno la Kikuyu mũndũ. Kwa jicho la msomaji lina herufi tano. Python 2, ambayo uangalizi wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020, ilihifadhi maneno ya kawaida kama mfululizo wa baiti, wala si wa herufi. Katika utaratibu wa UTF-8, ũ ikiandikwa kama alama moja huchukua baiti mbili. Kwa hiyo Python 2 ilipoulizwa urefu wa neno hilo ilijibu kuwa ni saba. Mwandishi wa programu aliweza kuliepuka kosa hilo kwa kutangaza kila mara kwamba neno lake ni la Yunikodi, lakini aliposahau mahali pamoja tu, hesabu iliharibika bila onyo lolote. Python 3, iliyotolewa mwaka 2008, ililifanya kila neno kuwa mfululizo wa herufi za Yunikodi. Kiswahili Sanifu, ambacho huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada, huificha kasoro hii. Kikuyu na Kikamba huifichua mara moja. Anayetayarisha orodha ya maneno ya lugha hizo hana budi kuitafuta Python 3.

Sarufi na msamiati

Katika lugha ya programu yafaa kutenga mambo mawili. La kwanza ni sarufi, yaani kanuni zinazoamua ni sentensi ipi iliyo sahihi. La pili ni mkalimani, yaani programu inayozisoma sentensi hizo na kuzitekeleza. Mkalimani huyu hafanyi kila kazi mwenyewe. Akitaka kufungua faili, kujua saa au kuandika kwenye kioo, huuomba mfumo wa uendeshaji umfanyie. Kila ombi lina jina lake, na majina hayo huhifadhiwa katika faili za maktaba za mfumo. Jumla ya majina hayo yaweza kulinganishwa na msamiati: mkalimani na mfumo huelewana maadamu kila neno analolitamka wa kwanza linajulikana na wa pili.

Mfumo mpya unapotolewa, huongezewa maneno. Windows 7 ilitolewa mwaka 2009. Windows 8, iliyofuata mwaka 2012, ilikuja na maombi mapya ya kuunganisha na kunyoosha majina ya njia za kufikia faili, nayo yakawekwa chini ya jina api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll. Python 3.9, ya Oktoba 2020, huyatumia maombi hayo. Programu yake ya usakinishaji huikataa Windows 7 tangu mwanzo. Na hata mtu akiukwepa ukaguzi huo kwa kunakili faili moja kwa moja, mfumo huitafuta faili iliyotajwa, hauioni, na kazi yote husimama kabla ya sentensi ya kwanza kusomwa. Programu ya mtumiaji yaweza kuwa ya mstari mmoja, usiohusiana kabisa na njia za faili. Hilo halisaidii kitu. Ni dhahiri, basi, kwamba kilichokosekana hapa ni neno moja la msamiati. Sarufi haina kosa.

Mpaka huu haukuwekwa kwa kubahatisha. Kanuni ya watunzaji wa Python ni kwamba kila toleo jipya hulikubali toleo la Windows ambalo, wakati huo, bado liko chini ya uangalizi wa kampuni ya Microsoft. Uangalizi wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020. Python 3.8, iliyotoka Oktoba 2019, iliikubali; ile ya 3.9 ilikuta muda umekwisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa Windows XP pia: uangalizi wake ulikoma tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo Python 3.4 ya Machi 2014 ikawa ya mwisho kuikubali, na 3.5 ya Septemba 2015 ikaiacha.

Njia za utatuzi

Njia ya kwanza ni kurudi nyuma hadi toleo la mwisho linalokubalika: 3.8 kwa Windows 7 yenye masahihisho ya Service Pack 1, na 3.4 kwa Windows XP. Hapa msamiati hupatana, lakini sarufi hupungua. Namna ya kuandika thamani ndani ya maneno kwa kutanguliza herufi f ilianza katika 3.6 mwaka 2016, hivyo 3.4 haiielewi; na sentensi ya match, iliyoanza katika 3.10 mwaka 2021, haieleweki kwa 3.8. Programu iliyoandikwa kwa sarufi mpya itabidi iandikwe upya. Aidha, uangalizi wa 3.8 wenyewe ulikoma mwaka 2024.

Njia ya pili ni kuutia mfumo neno uliolikosa. Wapo walioandika faili mbadala ya ile iliyotajwa hapo juu, na Python 3.9 ikaweza kuanza katika Windows 7. Lakini faili ya namna hiyo huingia katika kiini cha kazi bila mdhamini, na toleo lijalo laweza kudai neno jingine tena.

Njia ya tatu ni kufasiri mapema. Lugha ya Go, kwa mfano, hufasiriwa yote kuwa maagizo ya mashine. Kazi hiyo yaweza kufanywa katika tarakilishi mpya, kisha tokeo likapelekwa katika ile ya zamani. Hata hivyo mfasiri naye hana budi kumjua anayemfasiria: Go 1.20 ya Februari 2023 ndiyo ya mwisho kuijali Windows 7, na 1.10 ya mwaka 2018 ndiyo ya mwisho kwa Windows XP.

Njia ya nne ni kubadili mfumo na kuiacha mashine ilivyo. Mara nyingi chuma bado ni kizima; kilichozeeka ni Windows. Linux iliyo nyepesi yaweza kusakinishwa mahali pake pamoja na Python mpya, ingawa programu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows huenda zisifanye kazi tena.

Hitimisho

Kabla ya kuchagua, yafaa kwanza kujua kilichokosekana ni nini. Likiwa ni neno la msamiati, kuandika programu upya ni kupoteza wakati. Ikiwa ni sarufi, kutafuta faili mbadala hakutasaidia. Kwa mwenye matini za Kikuyu au Kikamba za kuhesabu, na mashine ya Windows 7 asiyoweza kuiacha, Python 3.8 inatosha, kwa kuwa ũ huhesabiwa humo kama herufi moja. Lakini mfumo usioangaliwa na mtu haufai kuunganishwa na intaneti, na matini zenyewe zisihifadhiwe humo peke yake. Mashine hununuliwa nyingine. Maneno yaliyokusanywa kwa wazee, wengi wao wakiwa wamekwisha kufariki, hayakusanyiki mara ya pili.